Kumshusha Mama Mkwe Korongoni

Leland Deschenie aliishi ua mmoja na mama mkwe wake kwa zaidi ya miaka ishirini bila kuuona uso wake.

Alimjua kwa njia nyingine. Alikijua kikohozi chake cha asubuhi, kifupi na kikavu, kama mtu anayebisha mlango ambao hatarajii ufunguliwe. Alizijua nyayo zake mchangani, nyayo za viatu vya ngozi laini, cha kushoto kikilalia upande wa nje kwa sababu ya goti. Aliujua mkate wake wa kukaanga. Verna, mkewe, alikaanga mkate mnene wa kushibisha. Mama yake aliukaanga mwembamba, wenye tundu katikati, na ulimfikia Leland ukiwa bado moto, umefungwa kwa kitambaa na kuwekwa kizingitini, aliyeuleta akiwa ameshaondoka. Alikijua hata kicheko chake, kilichoanzia mbali kwa kukwamakwama kama gari bovu asubuhi ya baridi, halafu kikawaka ghafla. Lakini ungemwuliza kama mama wa mkewe ana uso mrefu au wa mviringo, Leland asingekuwa na jibu.

Ndiyo desturi ya Wadine, watu wa nchi ile ya mawe mekundu ambao wageni huwaita Wanavaho. Mwanamume hamtazami mama wa mkewe, na mama naye hamtazami mkwe. Si chuki wala ugomvi. Ni heshima, na wazee walionya kwamba anayeivunja macho yake yatakufa. Vijana wengi wameshaiacha. Wanakula meza moja na wakwe zao na kupakiana garini. Bibi Zonnie, mama wa Verna, hakuiacha. Alishona kengele ndogo ya fedha kwenye mkanda wa sketi yake, na Leland akiisikia tu alikuwa anageuka, awe amebeba kuni, awe amebeba ndoo ya maji. Majira fulani ya baridi aligeuka hivyo zizini, akasimama kwenye theluji akitazama ubao mpaka masikio yakafa ganzi, kwa kuwa bibi alikuwa amekaa kitako akimnywesha mwanakondoo maziwa kwa chupa, akasahau kuwa mkwe yupo.

"Mwambie mume wako aende akaote moto," bibi alisema hatimaye. "Nilidhani ni nguzo."

Waliongea hivyo siku zote, kupitia kwa Verna, hata kama wote watatu walikuwa karibu kiasi cha kusikiana wakipumua.

Leland hakuzaliwa pale. Alitoka kaskazini, kwenye tambarare ambako kitu pekee kilichomzidi kondoo kimo kilikuwa tangi la maji. Alikuja ujanani kumsindikiza mjomba wake aliyekuwa anatafuta farasi, na msichana mmoja mwenye mdomo mkali akajitolea kumwonyesha korongo. Walitembea kwenye ardhi sawa, kati ya miti mifupi ya mireteni iliyopinda kwa upepo, Leland akijiuliza hilo korongo liko wapi. Halafu ardhi ikaisha. Haikuinama kwanza wala haikutoa dalili; iliisha tu, na mbele ya viatu vyake kulikuwa na hewa. Chini kabisa ya hewa hiyo kulikuwa na mashamba ya mahindi yanayotosha kufunikwa na kiganja, mto mwembamba kama uzi, na farasi wadogo kama punje za mtama. Ng'ambo ukuta mwekundu ulikuwa umesimama tangu chini hadi juu bila kupumzika popote. Leland alikaa chini, akashika nyasi kwa mikono miwili.

"Umeshika nyasi?" yule msichana aliuliza. "Hizo ndizo zitakuokoa?"

Huyo ndiye Verna.

Korongo lile, Tseyi kwa lugha yao, ni hifadhi ya taifa, lakini lina wenyewe. Familia za Wadine hulima na kufuga humo ndani, na mgeni hateremki bila mwenyeji wa kumwongoza. Leland alipohamia kwa wakwe zake, kama mwanamume wa kabila lao anavyofanya, alijifunza kazi hiyo, na ikamkaa. Aliwashusha wageni kwa miguu, akawaonyesha nyumba za watu wa kale zilizobandikwa kwenye mapango ya ukuta kama viota vya mbayuwayu, akawaonyesha alama za viganja vyeupe walizoacha juu ya miamba. Hakuwaruhusu kuingia ndani ya nyumba zile, na mwenyewe hakuzikaribia. Wageni walikaa kimya, wengine walilia. Mwanzoni hata yeye sauti yake ilipungua kila alipofika chini. Lakini mtu akisema jambo lilelile asubuhi na mchana, msimu baada ya msimu, maneno hulainika mdomoni kama kokoto za mtoni. Siku hizi aliweza kueleza ukuta mzima huku anawaza tairi la gari lake.

Majira ya kuchipua mwaka ule macho ya Bibi Zonnie yalikuwa yameingia ukungu. Aliacha kufuma mazulia kwa kuwa nyuzi zilimchanganya. Akaanza kumpa mbuzi jina la mbuzi mwingine. Hospitali ikampangia siku ya kutolewa mtoto wa jicho, Jumatatu, na Alhamisi iliyotangulia Leland alikuwa akipasua kuni nje alipoisikia kengele ndani ya nyumba ya bibi. Akageuka, akatazama rundo la kuni. Verna alikuwa mlangoni.

"Mwambie mume wako nataka kushuka Tseyi," sauti ya bibi ilisema.

"Mama anataka kushuka Tseyi."

"Nimesikia," Leland alisema.

"Amesikia."

"Najua amesikia, masikio anayo. Mwulize lini."

Leland alilaza shoka. "Mwambie mama yako theluji ya milimani inayeyuka, mto umejaa. Wiki iliyopita gari moja limemezwa na mchanga mpaka kwenye vioo. Asubiri mwezi mmoja. Kaka zako watarudi, tutamshusha kwa gari kama malkia."

"Mwambie sijawahi kuwa malkia na sitaanza leo. Jumatatu wananitoa jicho."

"Hawakutoi jicho, mama," Verna alisema. "Wanatoa ule ukungu tu, wanakuwekea kioo kidogo. Utaona kama msichana."

"Ndicho ninachosema. Watanipa jicho jipya." Bibi alikohoa kikohozi chake. "Jicho jipya halijawahi kumwona mama yangu. Nataka nikapaone kwa haya haya."

Leland hakuhitaji kuuliza ni wapi. Chini ya ukuta wa kusini, kwenye kipande cha shamba cha ukoo wao, ndiko Bibi Zonnie alikozaliwa na ndiko kitovu chake kilikozikwa. Alilima pale na mama yake, akachunga pale, akamzika mama yake si mbali na pale. Tangu goti liharibike hakuwa ameshuka, na kila mwaka wanawe walisema mwaka ujao.

Gari haliwezi kupita. Ikabaki njia ya miguu ya ukoo, ambayo Leland aliitumia peke yake na hakuthubutu kupitisha mgeni hata mmoja. Inaanzia ukingoni, inajipenyeza kwenye ufa wa mwamba, na katikati ya safari ufa unakwisha. Hapo jiwe linavimba kama tumbo la chungu, na watu wa kale walilichonga vidato, vile vishimo vya kuingiza vidole vya mguu na vya mkono, kama vya mkwezi kwenye shina la mti. Unashuka kinyumenyume, uso ukiwa kwenye jiwe, mguu ukitafuta. Chini yake kuna kibaraza cha mwamba, na baada ya kibaraza kuna hewa tena.

"Ana goti moja na macho nusu," Leland alimwambia Verna wakati wa chakula. "Na mimi siwezi hata kugeuka kumtazama. Nitamsaidiaje mtu nisiyeweza kumwona?"

"Wewe ndiye unayeijua njia. Mimi mara ya mwisho nilikuwa na mimba."

"Akianguka?"

Verna alimega mkate, akauchovya kwenye mchuzi wa kondoo. "Asipoenda atakufa kwa kisirani kabla ya Jumatatu. Bora korongo."

Mmoja wa kaka zake, aliyekuwa mbali akifunga nyaya za umeme, alipiga simu jioni ile, na Verna akaweka sauti ya simu juu. "Mwulize shemeji vizuri," kaka alisema huku anacheka. "Alimchungulia mama, eh? Ndiyo maana macho ya mama yanakwenda."

"Ningechungulia yangekwenda ya kwangu, bwana," Leland alijibu. "Na wewe urudi ushike kamba, badala ya kupiga domo."

Lakini baada ya simu hakucheka. Alijua akikataa hakuna atakayemlaumu, na alijua bibi hatarudia kuomba. Miaka yote ile mwanamke huyo hakuwahi kumwagiza kitu kwa ajili ya nafsi yake. Alimtumia tu mikate. Akaenda kutafuta kamba.

Jumamosi waliondoka jua lilipokwisha kupanda vya kutosha kukausha umande kwenye mawe. Leland alitangulia, Verna akafuata, Bibi Zonnie akaja nyuma na fimbo yake, kengele ikipiga taratibu. Leland aliyasukuma mawe madogo kando kwa kiatu na kutangaza yaliyo mbele.

"Jiwe linalocheza, kulia!"

"Mama, jiwe linalocheza, kulia."

"Hilo halijaacha kucheza? Lilicheza nikiwa msichana."

Kisha: "Mwambie mume wako hatukimbizwi na mtu."

"Mwambie mama yako mimi nimesimama hapa tangu jana namsubiri."

Kadiri walivyoshuka, kuta zilikua. Leland alikuwa ameyasahau hayo, kwamba huwezi kuhisi kwamba wewe unashuka. Unahisi dunia inapanda. Anga iliyokuwa kila mahali ilibaki mkanda, kisha ukanda mwembamba wa buluu. Rangi ya jiwe ilikuwa ya kutu kwenye kivuli na ya kaa la moto palipopigwa na jua, na michirizi myeusi ya mvua za zamani iliteremka kutoka juu kama nywele ndefu zilizolowa. Kunguru alipita, naye akapita chini yao, wakamwona mgongo. Kutoka kwenye kina, mto uliojaa ulinguruma kwa sauti moja tu isiyopanda wala kushuka.

"Nyanya yangu alipitisha mbuzi hapa," bibi alisema ndani ya ufa, sauti yake ikigonga huku na huku. "Mbuzi walikuwa na akili kuliko sisi, walikuwa wanalala wakikataa."

Wakafika kwenye vidato.

Walishafikiri namna. Verna alimfunga mama yake kamba kiunoni, akaizungusha kwenye shina la mreteni mkongwe uliojichimbia kwenye mwamba, akakaa na kujikaza kwa miguu. Leland alishuka kwanza mpaka kwenye kibaraza, akageuka akatazama nje, ng'ambo ya korongo, mgongo ukiwa kwenye jiwe. Mpango ulikuwa bibi ashuke polepole, Verna aachie kamba polepole, na Leland awe chini kama ukuta wa mwisho endapo lolote litatokea.

Kengele ilianza kushuka. Ikapiga, ikanyamaza. Ikapiga, ikanyamaza. Leland alihesabu vidato kwa masikio, kwa kuwa alivijua vyote kama meno yake. Kisha, katikati ya tumbo la jiwe, kengele ikaanza kupiga mfululizo, haraka haraka, bila kusogea. Goti lilikuwa linatetemeka.

"Mama, mguu wa kushoto, chini kidogo!" Verna alipiga kelele kutoka juu.

"Wapi?"

"Sijui, mama! Sikuoni miguu, jiwe limekuficha!"

Leland alifungua mdomo asaidie, akaufunga. Aseme nini? Kidato kilichofuata kilikuwa kulia kidogo, lakini kulia kwa kitu gani, kama hakujua mguu wenyewe ulipo? Ageuke tu. Kutazama mara moja, na kila kitu kingekuwa wazi. Nani angemlaumu, mtu akiwa ananing'inia? Aliihisi shingo yake ikianza kugeuka yenyewe, na papo hapo akafikiri kwamba yule mwanamke pale juu, kama angekuwa radhi kutazamwa, angekwisha kusema. Verna naye asingeweza kushuka. Akiachia kamba tu, basi.

Sauti ya Bibi Zonnie ikaja, ndogo, ikilisemesha jiwe lililokuwa mbele ya pua yake, kwa kuwa binti yake alikuwa mbali mno kutumwa.

"We jiwe. Mwambie huyo mwanaume mguu wangu umepotea."

Leland alivua kitambaa chekundu kilichomfunga kichwa, akakishusha machoni, akakizungusha mara mbili na kukifunga kwa nguvu kisogoni. Dunia ikazimika. Ndipo akageuka.

"Jiwe," alisema, naye akashangaa kusikia sauti yake ilivyotulia, "mwambie mama yangu nimejifunga macho. Nakuja."

Alipanda kwa vidole. Hakuwahi kulishika jiwe lile namna ile, maana mtu anayeona hushika kama anavyopita tu. Sasa kila kidato kilimjia kikiwa kitu kizima, chenye mdomo uliolainishwa na vidole vya watu waliokufa kabla ya mababu zake kuzaliwa, na ndani yake chembe za mchanga zilizosogea chini ya kucha. Mahali jua lilipofika, jiwe lilikuwa na joto kama ubavu wa mnyama. Kwenye kivuli lilikuwa na baridi ya kisimani. Mgongoni mwake aliuhisi uwazi wote. Alikuwa ameutazama kwa miaka na kuwaonyesha watu kwa kidole, na kumbe hakuujua hata robo. Upepo uliotoka huko ulimgusa shingo, mwanana, mrefu, kana kwamba korongo zima limeinama kusikiliza kitu hiki kidogo kinachotokea ukutani mwake. Leland alitaka kukaa chini ashike nyasi. Hakukuwa na nyasi.

Mkono wake uligusa ngozi laini. Kiatu.

Alikishika kisigino, akakisogeza kulia, akakitelezesha chini mpaka vidole vya bibi vikazama kwenye kishimo, akakandamiza.

"Jiwe, mwambie hapo akanyage kwa uzito wote."

Bibi akakanyaga. Kengele ikapiga mara moja.

Akarudi chini kidato kimoja, akautafuta mguu wa pili. Wakaenda hivyo, yeye akishuka akiwa kipofu ili amwekee njia, bibi akishuka juu ya viganja vyake. Mara moja mguu ulitua kabla hajaondoa vidole, na uzito wote wa bibi na goti lake ukawa juu ya mifupa yake. Leland aliuma ulimi. Angeivuta mikono, mguu ungeteleza.

"Jiwe," bibi alisema baada ya muda, "mbona hapa pana vidole?"

"Mwambie avichukue tu, nina vingine."

Juu yake kitu kikaanza kukwamakwama, kikakwama tena, kikawaka. Mama mkwe wake alikuwa anacheka, uso kwenye jiwe, na kicheko hicho kikarudi kutoka ukuta wa ng'ambo kama vile kuna vikongwe wengine kule. Mguu ukanyanyuka. Goti lilikuwa limeacha kutetemeka.

"Jiwe, mwambie ana mkono mzito."

"Jiwe, mwambie si mkono, ni mguu wake."

Verna, juu, hakusikia maneno. Alichosikia ni kicheko, na baadaye alisema kwamba pale ndipo alipoogopa kuliko wakati wote, alidhani mama yake amerukwa na akili.

Walipofika kwenye kibaraza, Leland alipapasa ukuta mpaka akapata nafasi, akageukia nje, akafungua kitambaa. Mwanga ulimpiga akayumba. Ukuta wa ng'ambo ulikuwa pale pale, mwekundu, umesimama, mkubwa kiasi ambacho jicho lililazimika kuupanda kwa mafungu na kupumzika njiani. Alijikuta analia, asijue kama ni jua.

Kutoka hapo njia ilikuwa ya kawaida. Verna alishuka, wakaongozana mpaka chini kwenye mchanga, wakapita mipichi iliyokuwa imeanza kutoa maua, kando ya mto wa rangi ya kahawa ya maziwa uliokuwa unabeba magogo mazima. Shamba la ukoo lilikuwa upande huu, hawakuhitaji kuvuka. Leland alisimama mbele ya mwamba mmoja uliojitenga, akautazama kwa karibu, pua ikikaribia kuugusa, akawaacha wanawake waende kwenye ukuta.

Kengele ilikwenda, ikakoma.

Alitazama kilichokuwa mbele yake, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama. Jiwe lilikuwa na mistari myembamba iliyolala kwa mshazari, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa, na kila mstari ulikuwa upepo. Upepo wa siku moja, wakati mwamba wote huu ulipokuwa mchanga unaotembea na hapakuwa na mtu wa kuuona. Hayo aliwaambia wageni kila wiki. Leo alihesabu pepo chache zinazotosha kwenye upana wa kiganja chake, kisha akajaribu kufikiria viganja vingapi mpaka juu, akili ikakataa, akaacha.

Alijua kilichokuwa kinangojewa nyuma yake. Kama macho yale yasingeweza kuona tena, basi safari yote ilikuwa bure, na Verna angelazimika kudanganya, na mama yake angejua.

"Verna," bibi alisema.

"Naam, mama."

"Uso wako siuoni vizuri."

"Najua, mama."

"Mipichi nimeisikia harufu tu. Nyumba yetu naona kama kichuguu. Lakini ule mchirizi mweusi, ulioachana mara mbili kama suruali. Mama alinionyesha, akaniambia siku niliyozaliwa maji yalikuwa yanamwagika pale, mvua kubwa, akajifungua huku anayatazama. Upo kule juu. Kulia kwa pango."

Leland aliujua mchirizi huo. Ulikuwa kulia kwa pango.

"Upo, mama," Verna alisema, na sauti yake haikuwa ya kudanganya.

"Nauona. Nauona wote, mpaka unapoishia." Kiganja kikapiga jiwe taratibu, kama mtu anayempiga ng'ombe ubavuni. "Sindano imeniacha, nyuzi zimeniacha, watu wameniacha. Hili limekataa."

Hakulia. Aliketi, Leland akasikia sketi ikikunjika mchangani, na hapo akaanza kuagiza kama kawaida. Mwambie mume wako kondoo hawajanywa maji. Mwambie apande sasa, sisi tunalala hapa kwenye nyumba ya zamani, jiko bado linafaa. Mwambie kesho aje na kamba, kupanda ni rahisi, mkono unatangulia. Mwambie ale, asiondoke bila kula. Verna alimletea mwambani mkate mwembamba wenye tundu na kipande cha nyama, akamtazama vidole vilivyovimba.

"Umefanyaje?"

"Muulize jiwe," Leland alisema.

Alipanda peke yake. Kwenye vidato alipanda macho wazi, kama alivyopanda mara nyingi, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwa wakwe zake alikwama katikati, kwa kuwa sasa alijua kilichokuwa mgongoni kwake. Ikambidi afumbe macho, abandike shavu kwenye jiwe la moto, na kusubiri mpaka mikono ikumbuke.

Ukingoni jua lilikuwa limeanza kuinama. Si mbali na njia yao kuna ncha ya mwamba iliyochomoza ambapo wageni husimama kutazama hata ukuta wa upande huo huo, na mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa amesimama kwenye ukuta mfupi wa kujikinga, darubini usoni.

"Samahani," alisema alipomwona Leland akitokea kwenye mwamba, amejaa vumbi. "Umetoka huko chini? Kuna watu! Nawaona wawili."

Siku nyingine Leland angemwomba kwa upole aishushe. Watu wa chini hawapendi kuchunguliwa nyumbani kwao. Alisogea akasimama kando yake.

"Utazame mwenyewe," yule mama alisema, akimnyoshea darubini. "Mmoja ni mzee, amekaa chini ya ukuta. Ana uso wa ajabu sana."

Leland aliweka mikono nyuma. "Hapana, asante. Yule siwezi kumtazama."

"Kwa nini?"

"Ni mama wa mke wangu."

Mgeni alianza kucheka, akidhani ni mzaha wa wanaume, kisha akauona uso wake akaacha. Akairudisha darubini machoni, pengine kwa aibu. Leland aliutazama ukuta wa ng'ambo, ambao jua lilikuwa linaupanda sasa kutoka chini, likiuacha giza miguuni na kuuwasha kichwani, na ulikuwa mkubwa kama siku ile ya kwanza.

"Basi niambie wewe," alisema. "Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Ameegemea fimbo yake. Ameinua uso."

"Anatazama wapi?"

"Juu. Juu ya ukuta, upande wa kulia wa pango."

Upepo ulitoka korongoni ukawapita. Kivuli kilipanda kidogo.

"Na sasa?" Leland aliuliza.

"Bado anatazama."